Wewe Si Bidhaa Iliyododa

(Hotuba iliyotolewa na dada mmoja, mwalimu wa shule ya upili, mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri katika mwezi mtukufu wa Ramadhan, mjini Garissa. Tumeichapisha karibu kama alivyoisema.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote waliomfuata kwa wema mpaka siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.



Najua saa hii koo zimekauka. Jua la Garissa mnalijua, halijali kama mtu amefunga au hakufunga. Kwa hivyo sitawaweka sana. Vijana waliponiomba nizungumze waliniambia nichague mada yoyote, na wengi walidhani nitazungumzia masomo kwa sababu mimi ni mwalimu. Lakini nimechagua jambo ambalo miaka michache iliyopita singeweza kulitaja hata mbele ya dada yangu wa tumbo moja. Nataka kuwaeleza vile nilivyokwenda kwa kaunsela, yaani mshauri nasaha, kwa nini nilikwenda, na nilipata nini huko.

Naona wengine wameanza kutazamana. Haya, tazamaneni tu. Tukimaliza, inshallah, tutakuwa tumelizoea neno lenyewe.

MTU WA JANGWANI KATIKA SOKO LA MADINA

Nianze na kisa. Imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.), naye Imam Ahmad na Imam Tirmidhi katika Shamail wamekitaja, kwamba alikuwako mtu mmoja wa jangwani akiitwa Zahir. Alikuwa mtu wa bara kama wazee wetu wa mifugo. Kila akija mjini alimletea Mtume (S.A.W.) zawadi ya vitu vya jangwani, na akirudi Mtume (S.A.W.) alimfungia vya mjini. Mtume (S.A.W.) alimpenda, ingawa kwa sura hakuwa mtu wa kupendeza.

Siku moja Zahir yuko sokoni anauza vitu vyake. Mtume (S.A.W.) akaja kwa nyuma akamkumbatia, Zahir hamuoni. Akauliza ni nani huyu, aniwache. Alipogeuka akamjua, akawa hataki tena kuachwa, anaubandika mgongo wake kwenye kifua cha Mtume (S.A.W.). Mtume (S.A.W.) akafanya mzaha, akawauliza watu ni nani atakayemnunua mtumwa huyu. Hapo Zahir akajibu kwa neno ambalo mimi lilinipita miaka mingi. Alisema kwamba akiuzwa yeye, Mtume (S.A.W.) ataona ni bidhaa iliyododa, haina mnunuzi. Naye Mtume (S.A.W.) akamjibu kwamba mbele ya Allah hakudoda hata kidogo, bali ana thamani kubwa.

Mzaha ule ulimtoa Zahir neno lililokuwa ndani yake. Mtu anacheka, mtu amekumbatiwa na mbora wa viumbe, na bado moyoni anajiona hana bei. Mtume (S.A.W.) hakuliacha lile neno lipite. Alilirekebisha papo hapo, mbele ya watu, sokoni.

MKONO CHINI YA KITAMBAA

Nyinyi mnajua soko letu la mifugo. Mnajua madalali wanavyopatana bei: mkono ndani ya mkono, kitambaa juu, vidole vinazungumza. Ng'ombe amesimama pale pale lakini hajui anauzwa kwa ngapi. Mimi nimeishi maisha yangu mengi hivyo. Bei yangu ilikuwa ikipangwa na wengine chini ya kitambaa, nami nimesimama kimya, nikingoja kuambiwa nafaa kiasi gani.

Mimi ni kifungua mimba. Ukame wa 2005 na 2006 ulimaliza ng'ombe wa baba yangu, tukahamia mjini. Mama akauza maziwa, baba akakaa chini ya mti na wazee wenzake, akawa mtu wa kunyamaza. Mimi nikaambiwa: soma, wewe ndiye ng'ombe wetu sasa. Ilisemwa kwa mapenzi, sote tukacheka. Lakini mtoto wa miaka kumi na minne hulibeba neno kama lilivyo. Nikasoma. Nikawa mwalimu. Mshahara wa kwanza nilimpelekea mama wote, na sijutii mpaka leo.

Shida haikuwa kusaidia. Kuwasaidia wazazi ni ibada, na kuunga udugu ni ibada. Shida ilikuwa kwamba sikujua kusema hapana, kwa mtu yeyote, kwa jambo lolote. Mwisho wa mwezi simu inaanza kulia kabla mshahara haujaingia. Karo ya binamu. Mchango wa ukoo. Deni la mtu ambaye hata sikumjua vizuri. Nikituma kwa M-PESA, nasikia nafuu kidogo, naambiwa wewe ni binti mwema. Kesho yake ile nafuu imekwisha, inabidi niitafute tena. Mimi wema wangu ulikuwa kama kredo ya simu. Ukiacha kujaza, huna.

Na katika ndoa pia ni hivyo hivyo. Niliposwa nikiwa na miaka ishirini na minne. Sisemi nililazimishwa, nitakuwa muongo. Niliulizwa, nikanyamaza, na mwenyewe sikujua kama ule ukimya ulikuwa ndiyo au ulikuwa hofu. Mwenzangu alifanya kazi mji mwingine. Sitaki kumsengenya, ni Ramadhan na ni baba wa mtoto wangu. Nitasema ya kwangu tu: akinipigia simu, siku hiyo mimi ni mtu. Asipopiga siku tatu, mimi si kitu. Nilikuwa nikiosha vyombo huku simu iko kwenye mfuko wa diraa, kila ikitetemeka moyo unaruka. Miaka mitatu baadaye tukaachana, nikarudi nyumbani na mtoto.

Hapo ndipo nilipolijua neno la kwetu, ceeb. Kiswahili ni aibu, na mzizi wake ni ule ule wa Kiarabu. Hakuna aliyenitukana. Ilikuwa ni sauti za chini tu. Wageni wakija, naambiwa nikae jikoni kwanza.

UGONJWA USIOONEKANA KWENYE KIPIMO

Mnakumbuka kuanzia mwisho wa 2020 mpaka 2022, mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo. Jamaa zetu wa malishoni wakapoteza mifugo, na kila mzoga ulikuwa simu moja zaidi kwangu. Katikati ya hayo akaja mchumba mwingine, mtu mzima, ana mali, anaheshimika. Ami yangu alinipigia, na kabla hajamaliza sentensi nilikuwa nimeshasema sawa. Nikakata simu, nikakaa chini sakafuni. Sikuwa hata nimefikiri.

Toka siku hiyo nikaanza kuumwa. Moyo unakwenda mbio nikiwa nimeketi. Usingizi hakuna. Kichwa. Darasani nasahau majina ya wanafunzi niliowafunza miaka miwili. Nikapimwa malaria, nikapimwa homa ya matumbo, nikapimwa presha, hakuna kitu. Daktari akaniuliza nalala saa ngapi na nyumbani kukoje, kisha akaandika karatasi niende kwa kaunsela. Nikaikunja nikaitia kwenye mkoba. Nikasema moyoni, huyu ananiona mwendawazimu.

Karatasi ile ilikaa mkobani miezi minne.

Nilikwenda kusomewa Qur'ani, na nilipata utulivu, alhamdulillah. Shekhe aliyenisomea alikuwa mtu wa hekima. Mara ya tatu akaniuliza kama hospitali wamesema nini. Nikamwonyesha ile karatasi. Akaniambia: "Binti yangu, mimi nitaendelea kukusomea, na wewe nenda huko ulikotumwa. Mtume (S.A.W.) alimwambia yule mtu amfunge ngamia kisha amtegemee Allah. Wewe umetegemea vizuri. Sasa nenda ukamfunge ngamia."

Na bado sikwenda. Mpaka usiku mmoja, karibu na wakati wa daku, nimesimama jikoni, mtoto amelala, nikajisikia natamani nilale nisiamke. Sikupanga kujidhuru, astaghfirullah. Lakini ile tamaa ilinitisha. Kukapambazuka, nikaitoa karatasi.

"NI UPUNGUFU WA IMANI"

Najua swali lililo vichwani mwenu, kwa sababu lilikuwa langu. Muislamu anayeswali, anayefunga, atahitajije mtu wa kumsikiliza? Si ana Mola wake?

Ndugu zangu, Nabii Yaqub (A.S.) alisubiri subira njema, na pamoja na hayo macho yake yalifanya weupe kwa huzuni ya Yusuf. Bibi Maryam (A.S.), peke yake chini ya mtende, uchungu ulipomshika alitamani angekuwa amekufa zamani akasahauliwa. Mtume wetu (S.A.W.) alifiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, na mwaka huo wanahistoria wa sira wameuita Mwaka wa Huzuni. Nani kati yetu atasimama aseme hao imani yao ilikuwa pungufu? Moyo uliojeruhiwa unauma, hata ukiwa ni moyo wa mcha Mungu.

Na tumefunzwa kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa. Wanazuoni wetu hawakuishia kwenye magonjwa ya mwili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, yaani 934 Miladia, aliandika kitabu kuhusu maslahi ya miili na ya nafsi. Alilalamika kwamba matabibu wa zama zake wanashughulikia mwili na kuiacha nafsi. Alieleza huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni isiyo na sababu ya wazi. Akasema kwamba kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kwa dharura, aweke pia fikra njema moyoni za kumsaidia siku nafsi inapochafuka. Hayo yameandikwa na Muislamu miaka zaidi ya elfu moja iliyopita. Kwa hivyo tukisema kaunsela ni mambo ya Wazungu, tunajidhulumu wenyewe.

Na hapa kwetu, tusijifanye hatulijui jambo hili. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Siku zile washauri nasaha walikuja kukaa na vijana walionusurika na jamaa waliofiwa. Sikumsikia mtu akisema wale vijana ni wendawazimu. Sote tulielewa kwamba aliyeyaona yale anahitaji kusaidiwa kuyabeba. Basi kama tulikubali jeraha la siku moja, mbona lile linaloingia kidogo kidogo, miaka kumi, ndani ya nyumba, tunalifunika na shuka?

Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2019 mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Tazama safu uliyoketi, uhesabu mpaka nane. Wengi wao wanakwenda kazini, wanapika, wanaswali jamaa. Hawaokoti makaratasi barabarani.

SIKU YA KWANZA

Nilipita mbele ya ule mlango mara tatu. Mji wetu ni mdogo, mnajua. Ukionekana dukani umenunua sukari kilo mbili, jioni watu wanauliza kwenu kuna wageni gani. Siku ile nilimshukuru Allah kwa niqabu.

Ndani nikamkuta dada wa makamo, si Msomali, si Muislamu. Ni mtu wa huko chini, kule ambako wazee wetu walikuwa wakisema "nakwenda Kenya". Moyo ukaniambia, geuka. Huyu atajua nini kuhusu ukoo, posa na ceeb? Lakini nilikuwa nimechoka sana, hata kugeuka ilikuwa kazi.

Jambo la kwanza alilofanya ni kunieleza kwamba nitakayosema ni siri, isipokuwa akiona maisha yangu au ya mtu mwingine yamo hatarini. Kisha akaniuliza nimekuja na nini. Nikazungumza karibu nusu saa. Mama, baba, ami, binamu, baba wa mtoto, mwalimu mkuu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Na wewe?" Nikamuuliza, mimi nini? Akasema, "Umenieleza kila mtu anataka nini. Wewe unataka nini?"

Wallahi sikuwa na jibu. Nililia mpaka nikaona haya.

Hakunipa dawa. Hakuniambia achana na jamaa zako. Hakuniambia niache mila yangu wala dini yangu. Alinipa kazi ya nyumbani kama ninavyowapa wanafunzi wangu: kwa wiki moja, kila mdomo ukisema ndiyo na moyo unasema hapana, niandike kwenye daftari. Wiki ile niliandika mara kumi na tisa. Moja ilikuwa ni kikombe cha chai ambacho sikukitaka.

Wiki iliyofuata akaniambia nichague hapana moja, ndogo. Nikamwambia binamu yangu kwa adabu kwamba mwezi huu sina. Mikono ilikuwa ikitetemeka. Akakasirika, akanuna wiki mbili, kisha akanipigia kunisalimia kama kawaida. Kaunsela akaniuliza nilidhani kutatokea nini. Nikamwambia, nilidhani wote watajua kwamba mimi ni mtu mbaya. Akasema, "Sasa tuandike: ushahidi uko wapi?" Tukagawa karatasi mara mbili. Upande mmoja ninayojiambia, upande wa pili ninayoyajua kwa hakika. Upande wa kwanza ulijaa. Nikausoma kwa sauti, nikagundua hakuna mtu aliyewahi kuniambia maneno makali kama yale. Nilijiambia mwenyewe, kila siku, miaka na miaka.

Halafu akaniuliza jambo ambalo sitalisahau. "Dini yako inasema nini kuhusu thamani yako?"

Mimi mwalimu, niliyehifadhi, niliyefunza watoto madrasa wakati wa likizo, nikanyamaza. Kisha nikamsimulia kisa cha Zahir. Nilikuwa nimekifunza mara nyingi kama kisa cha mzaha wa Mtume (S.A.W.). Nilipofika pale Zahir anaposema yeye ni bidhaa iliyododa, sauti ikakatika. Nilikuwa nikijisikia mwenyewe. Mwanamke asiye wa dini yangu aliniuliza swali, na swali likanirudisha kwa Mtume wangu. Allah humtumia amtakaye.

JIBU LA POSA

Nilikwenda mara kumi na mbili. Mwanzo kila wiki, baadaye kila baada ya wiki mbili. Katikati yake nilikuwa na deni moja kubwa: ile sawa niliyompa ami.

Nilifanya istikhara. Nikafanya mazoezi ya maneno na kaunsela, kama mtu anayejiandaa kwa usaili wa kazi. Kisha nikakaa na mama usiku, nikamwambia: hooyo, ile posa nilisema sawa kwa hofu, moyo wangu haumo.

Mama alinyamaza. Siku tatu hakusema nami ila la lazima. Siku tatu hizo zilikuwa ndefu kuliko ile miezi minne ya karatasi. Nilijikumbusha kisa cha Barira (R.A.), mwanamke aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, akachagua kutengana na mumewe Mughith. Yule bwana akawa anamfuata katika njia za Madina, machozi yanateremka ndevuni. Mtume (S.A.W.) akamwonea huruma, akamwomba Barira amrudie. Barira akauliza kama ni amri. Mtume (S.A.W.) akasema yeye anaombea tu. Barira akasema basi, hana haja naye. Na hakuna aliyemlaumu. Kama aliyekuwa mtumwa jana aliweza kusema hapana kwa adabu mbele ya Mtume wa Allah, na ikakubaliwa, mimi naogopa nini? Naye Khansa bint Khidam (R.A.), mwanamke aliyewahi kuolewa kama mimi, babake alimwoza asipotaka, akaenda kwa Mtume (S.A.W.), na ndoa ile ikabatilishwa.

Usiku wa nne mama akaja akaketi kwenye mkeka wangu. Akasema, "Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita. Hakuna aliyeniuliza." Akanyamaza kidogo. "Sikujua kwamba mtu huulizwa moyo wake." Akanieleza mambo ambayo hakuwahi kumweleza mtu. Tukaadhiniwa Alfajiri tukiwa pale pale. Asubuhi ni yeye aliyempigia ami.

Sitawadanganya kwamba yote yamekuwa sawa. Ami hakunisamehe haraka, na wako jamaa ambao mpaka leo nikiingia wanaacha kuzungumza. Bado natuma pesa nyumbani, lakini nimepanga kiasi, na nikimaliza nasema nimemaliza. Bado iko siku naamka na ile sauti ya zamani. Tofauti ni kwamba sasa naijua, sidhani tena ni sauti ya haki.

NENO KWA WAZAZI

Mama zangu na baba zangu, haki yenu juu yetu ni kubwa. Hata pale ambapo mzazi anamwamrisha mtoto jambo la kumuasi Allah, Qur'ani imetufunza tusimtii katika hilo, lakini tuishi naye kwa wema. Kwa hivyo mtoto akisema hapana katika jambo moja hajakukana. Muulize kabla ya kumpangia, kisha ungoje jibu. Na mkiona mtoto amebadilika, hali, halali, amejifungia, au mvulana amehamia kwenye miraa usiku na mchana, msianze na matusi. Vijana wa kiume nao wanaambiwa mwanamume halii, basi wanatafuna badala ya kulia.

NENO KWA VIJANA

Kwa wale walio na karatasi mkobani, nina mambo matano.

Kwanza, anza na mtu mmoja wa kuaminika: mama, dada, shekhe, mwalimu. Kisha ulizia hospitali, hata kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2022 yalizipa kaunti jukumu la kutoa huduma hizi, usione unaomba hisani.

Pili, una haki ya kumuuliza kaunsela amesomea wapi na kama amesajiliwa. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia tangu 2014. Dada ana haki ya kuomba mwanamke mwenzake. Na ukiona mtu huyo anadharau dini yako au anatoa siri zako, ondoka utafute mwingine. Usiiache tiba kwa sababu ya mmoja.

Tatu, usitarajie siku moja. Mara ya kwanza nilitoka nimechoka kuliko nilivyoingia. Nilianza kulala vizuri baada ya mara ya tano. Na wako wanaohitaji dawa pia. Daktari akikupa, usiziache mwenyewe kwa sababu umejisikia nafuu.

Nne, kaunsela hachukui nafasi ya swala, wala swala haikuzuii kwenda kwa kaunsela. Mimi nilikuwa naswali rakaa mbili kabla ya kutoka nyumbani.

Tano, na hili ni zito. Ukiwa na fikra za kujidhuru, usikae nazo peke yako hata usiku mmoja. Amsha mtu, nenda hospitali. Kujiua ni haramu, tunajua, lakini aliyefika hapo ni mgonjwa wa kuokolewa, si mtu wa kufichwa. Hata sheria ambayo ilimfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba inakwenda kinyume na Katiba. Watoto wanaweza kupiga simu bila malipo nambari 116, na anayepigwa au kudhulumiwa nyumbani apige 1195.

KABLA YA FUTARI

Ndugu zangu, Ramadhan ni mwezi ambao mtu hujihesabu. Tunahesabu juzuu, tunahesabu rakaa, tunahesabu sadaka. Naomba usiku wa leo, ukimaliza Tarawehe, ujiulize pia: bei yangu nimemwachia nani aipange?

Zahir hakuacha kuwa mtu wa jangwani baada ya siku ile. Hakubadilika sura, na pengine vitu vyake siku hiyo havikununuliwa. Alirudi kwake na zawadi za mjini kama kawaida. Lakini alirudi akiwa amesikia neno moja kutoka kwa mkweli, kwamba mbele ya Allah yeye hakudoda. Na wewe hukudoda, uliyefeli mtihani, uliyeachika, uliyerudishwa, usiye na kazi, unayelisha watu kumi na mbili na hakuna aliyekuuliza umekula nini.

Allah aponye nyoyo zetu na za wazazi wetu waliobeba yasiyosemwa. Atulainishie ndimi majumbani mwetu. Azikubali swaumu zetu, na awarehemu waliotutangulia. Amin.

Nikikosea ni mimi na shetani, nikipatia ni tawfiq ya Allah. Akina dada wanaotaka kuzungumza nami, nitakuwa upande wa nyuma, karibu na mitungi ya maji. Hatutayagusa mpaka adhana, lakini tunaweza kuzungumza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.